Kiajemi kwa kijana wa madrasa: aanzie wapi?

MZAZI mmoja wa Nduguti, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, alitupa swali ambalo tumeona lisiishie kwetu peke yetu. Kijana wake amepata kijitabu cha kujifunzia Kiajemi, na kila baada ya Sala ya Isha hukaa nacho. Baba hakukasirika, ila anachelea mambo mawili: lugha hiyo isije ikamtoa mwanawe katika madhehebu ya wazee wake, wala isije ikamharibia kisomo cha Qur'ani alichokihangaikia kwa miaka.

La kwanza halitutaabishi. Kiajemi husemwa Iran, na husemwa pia Afghanistan na Tajikistan, ambako Waislamu walio wengi ni Sunni. Imamu Ghazali, ambaye masheikh wetu humtaja mara kwa mara kwa Ihya yake, alizaliwa Tus katika nchi ya Waajemi, na Kimiya-yi Sa'adat alikiandika kwa Kiajemi.

La pili ni zito. Waajemi huandika kwa herufi za Kiarabu, wakaongeza nne zao, zikiwemo za sauti "p" na "ch" ambazo Kiarabu hakina. Lakini ndimi zao hazitenganishi herufi zote kama Waarabu. Tha, sin na sad zote kwao ni "s". Dhal, zay, dhad na dha zote ni "z". Hadith husemwa "hadis", na dhalim huwa "zalem". Kwao si kosa hata kidogo, ndiyo lugha yao. Balaa ni mtoto kuyachukua matamshi hayo akaingia nayo katika Sura. Kwa hiyo tulimwambia mzazi: ikiwa mwalimu wa madrasa bado anamsahihisha kijana matamshi ya herufi, kijitabu kingoje.

Akishakuwa imara, atastaajabu jinsi alivyo na akiba ya maneno. Hata Nduguti, mbali na bahari, fundi nguo hukaa mbele ya cherehani, neno lenye asili ya charkh, yaani gurudumu. Pamba ni panbe, rangi ni rang, bandari ni bandar. Darubini ni dur, mbali, na bin, kuona. Serikali ni sar, kichwa, na kar, kazi. Mchanganyiko ambao kila mlipa kodi anaweza kuufasiri apendavyo. Si yote yaliyotujia moja kwa moja kutoka Uajemi. Mengine yalipitia kwa Waarabu au Wahindi. Na Nairuzi, iadhimishwayo Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, ni now, mpya, na ruz, siku.

Hata hivyo asiyaamini maneno yote yanayofanana. Mellat kwa Kiajemi cha leo ni taifa, ilhali mila kwetu ni desturi, na asili yake ya Kiarabu ni dini.

Katika sarufi, Mswahili ana nafuu na ana taabu. Nafuu ni kwamba u humaanisha yeye, awe mume au mke, kama kwetu. Mwenye kitu hufuata kitu chenyewe, wakiunganishwa na sauti fupi "e": ketab-e man, kitabu changu; ketab-e to, kitabu chako. Wala hakuna ngeli. Wingi wa ketab ni ketabha, basi. Taabu ni kitenzi, ambacho hukaa mwisho: man ketab mikhanam, yaani "mimi kitabu nasoma". Tena alama ya mtendaji, ambayo sisi huitanguliza katika "ninasoma", wao huiweka mkiani: mikhanam, ninasoma, mikhani, unasoma, mikhanim, tunasoma. Kukanusha ni kutanguliza ne: nemikhanam, sisomi. Mwanafunzi akikitia kitenzi kimoja hicho ulimini kwa juma zima, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyekariri majina mia ya vitu.

Mzazi yule ametuarifu kwamba mwalimu wa madrasa amemsikiliza kijana na kumpa ruhusa. Sasa kijitabu kina wanafunzi wawili, maana dada yake mdogo hukinyakua na kukimbia nacho uani akipiga kelele, "Ketab-e man!"