Hoorn: mji wa soko ulionona kwa kungumanga

Ukitaja Uholanzi kwetu Pwani, watu wataulizia maua, jibini na vinu vya upepo. Mimi leo nakupeleka Hoorn, mji wa kale wa soko na bandari ulio kaskazini mwa Amsterdam, mwendo wa dakika arubaini hivi kwa gari la moshi. Tikiti haisumbui: unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ukiingia stesheni na ukitoka. Ukisahau kugusisha unapotoka, utakatwa zaidi. Mimi nilikatwa.

Kutoka stesheni nenda kwa miguu hadi uwanja wa Roode Steen, yaani Jiwe Jekundu, ambapo zamani wahalifu waliuawa hadharani. Upande mmoja kuna Waag, nyumba ya mizani ya mwaka 1609. Hapo jibini ilipimwa kabla ya kuuzwa. Siku hizi watu hunywa kahawa. Mkabala wake ni jumba la 1632 lenye simba wa mawe, ndiyo Makumbusho ya Westfries. Ulizia kwanza kama iko wazi, maana imekuwa ikikarabatiwa.

Katikati ya uwanja amesimama mtu wa shaba, Jan Pieterszoon Coen, mzaliwa wa hapa, 1587. Hapo nilikaa sana.

Nyumbani kwetu kungumanga hukwaruzwa kwenye haluwa, na basibasi, ganda lake jekundu, iko kwenye kila duka la viungo Mombasa. Enzi za Coen vyote viwili vilitoka visiwa vya Banda tu, katika Indonesia ya leo. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, iliyoundwa 1602, ilitaka iwe mnunuzi pekee. Wabanda wakaendelea kuwauzia wengine. Mwaka 1621 Coen akaja na jeshi. Inakadiriwa visiwa hivyo vilikuwa na watu 15,000, wakabaki kama 1,000. Wengine waliuawa, wakafa njaa, wakakimbia au wakauzwa utumwani. Mashamba wakagawiwa Wazungu, na watumwa wakaletwa kuyalima. Hoorn ilikuwa miongoni mwa miji sita yenye ofisi za kampuni hiyo, na nyumba zake nzuri zinakuonyesha faida ilikoishia.

Sanamu ilisimamishwa 1893. Mwaka 2011 kreni iliigonga ikaanguka, na mabishano yakazuka: irudishwe au la? Ikarudishwa, na kibao kipya kinachotaja ukatili wa Banda. Mimi si mtu wa kubomoa, lakini kwa muda niliokaa pale wageni walipiga picha na kuondoka bila kukisoma. Wewe kisome.

Kisha shuka bandarini. Njiani utaona nyumba za Bossu, zilizochongwa picha za vita vya majini vya 1573, na mwisho wa gati mnara wa Hoofdtoren wa 1532. Hapa ndipo jina la Cape Horn, ncha ya Amerika Kusini, lilikotoka. Mabaharia wa 1616 waliipa jina la mji wao. Usiichanganye na Pembe yetu ya Afrika.

Nilichovya kidole majini nikaonja. Maji baridi, hayana chumvi hata kidogo: bahari hiyo ilifungwa kwa boma mwaka 1932, ikawa ziwa.