Nyota Inayoyumba Haiko Peke Yake

Mwezi wa Februari, mnamo saa tatu usiku, aliyeko Kampala akiinua macho ataiona Shira, yaani Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Shira ina mwenzake asiyeonekana kwa macho matupu, na wanasayansi walijua kwamba yupo miaka 18 kabla ya mtu yeyote kumwona.

Nyota zote husogea angani, ingawa polepole mno. Iliyo peke yake hufuata mstari ulionyooka. Friedrich Bessel, mwanaastronomia wa Königsberg, alilinganisha vipimo vya miaka mingi akakuta njia ya Shira inapindapinda. Mwaka 1844 alitangaza kwamba kuna kitu kinachoivuta. Tarehe 31 Januari 1862, Alvan Graham Clark wa Marekani alikuwa akijaribu lenzi mpya alipokiona: nukta hafifu ubavuni mwa Shira. Ni kibete cheupe, masalia ya nyota iliyokufa, chenye uzito unaokaribia ule wa Jua lakini ukubwa kama wa Dunia.

Siri iko katika kuvutana. Mtu mzima akimshika mtoto mikono na kumzungusha, mtu mzima huyo naye huyumba. Kadiri mwenza alivyo mzito, ndivyo nyota inavyoyumba zaidi. Kwa hiyo upana wa myumbo na muda wake hutuwezesha kukipima uzito kitu tusichokiona.

Ugumu uko kwenye kipimo chenyewe. Digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe. Shira huyumba kwa sekunde chache tu, na sayari huiyumbisha nyota yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja. Mwaka 1963 Peter van de Kamp alitangaza sayari kwenye nyota ya Barnard. Miaka kumi baadaye ilibainika kwamba myumbo ule ulitokana na marekebisho ya darubini yake.

Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa mwaka 2013, kimepima mahali pa nyota karibu bilioni mbili. Aprili 2024 watafiti walitangaza shimo jeusi lenye uzito mara 33 ya Jua, lililofichuliwa na myumbo wa nyota moja tu.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya eksirei viliwasaidia wanasayansi kuitambua nyota inayozungukana na shimo jeusi la Cygnus X-1. Mwaka 2021 darubini za redio zilipima upya mahali pake: liko mbali kuliko ilivyodhaniwa, hivyo ni zito zaidi, mara 21 ya Jua.

Data za Gaia hutolewa bure. Toleo la nne, lililopangwa kutoka Desemba 2026, litaonyesha nyota ilikuwa wapi kila ilipopimwa. Mwanafunzi wa Makerere mwenye kompyuta na intaneti atakuwa na vipimo vilevile alivyo navyo profesa wa Ulaya. Vyuo vyetu viwafundishe vijana sasa takwimu na uandishi wa programu, ili baadhi ya wenza waliojificha wagunduliwe kutoka Kampala.