Mandari: Mlo Uliotoka Nje

Kula nje ni jambo la kale kuliko nyumba zenyewe, kwa kuwa mwindaji, mchungaji na mkulima walikula pale njaa ilipowakuta, na hata leo mvuvi anayebanika samaki ufukweni au mkulima anayekula kiporo chini ya mwembe haoni kwamba anafanya jambo la pekee. Mandari ni kitu kingine. Neno hilo, ambalo maana yake ni matembezi ya kujifurahisha yanayoambatana na chakula, linamhusu mtu mwenye jiko, meza na paa nyumbani kwake, ambaye ameamua kwa hiari yake kuviacha ili akale penye upepo, vumbi na sisimizi. Kwa hiyo historia ya mandari haianzi pale watu walipoanza kula nje, bali pale kula ndani kulipokwisha kuwa desturi na kutoka nje kukahitaji sababu.

Neno pikiniki, lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, lina asili ya Kifaransa, na ajabu yake ni kwamba hapo mwanzo halikuhusiana na majani wala miti. Katika Ufaransa ya mwishoni mwa karne ya 17, pique-nique ulikuwa mlo ambao kila mshiriki aliuchangia, ama kwa kuleta chakula ama kwa kulipa sehemu ya gharama, na uliliwa ndani ya nyumba kama mlo mwingine wowote. Upya wake ulikuwa katika kukosekana kwa mwenyeji: hakuwapo mtu mmoja anayewalisha wenzake, na kwa sababu hiyo hakuwapo anayedaiwa shukrani. Waswahili wa pwani hawakuhitaji kufundishwa hilo, kwani lugha yao ina kula kikoa, yaani kulishana kwa zamu, na kula bia, yaani kila mmoja kutoa fungu lake (bia hii haina uhusiano na ile ya chupa, ingawa siku hizi wengi huzichanganya kwa furaha).

Mnamo mwaka 1802 mjini London, kundi la matajiri lililojiita Pic Nic Society lilikuwa bado likikutana ndani ya kumbi, likiigiza tamthilia na kula vyakula vilivyoletwa na wanachama wake, kiasi cha kumfanya mchoraji James Gillray awakejeli katika michoro yake. Haukupita muda mrefu kabla neno hilo halijahamia mashambani. Katika Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815, wahusika wanasafiri kwenda kilima cha Box Hill kwa mandari ambayo inaharibika, si kwa mvua, bali kwa ulimi wa Emma mwenyewe, anayemdhihaki hadharani mwanamke maskini na mpole ambaye sebuleni asingethubutu kumgusa. Austen aliliona mapema jambo ambalo wasifiaji wa mandari hulisahau, kwamba adabu ya mezani inapobaki nyumbani, huachwa pamoja nayo kizuizi kilichokuwa kikiyaficha mengi.

Viwanda ndivyo vilivyoieneza desturi hiyo. Miji ya Uingereza ilipojaa moshi wa makaa ya mawe, uwanda wa majani, ambao kwa babu wa mkazi wa mjini ulikuwa mahali pa kazi, uligeuka kuwa mahali pa kupumzikia; reli ikamfikisha huko na kumrudisha siku ileile, bustani kama ile ya Birkenhead, iliyofunguliwa mwaka 1847 kwa fedha za umma, ikayasogeza majani karibu na mlango wake, na sheria ya mwaka 1871 iliyoweka sikukuu za benki ikampa hata karani siku ya kwenda. Wenye uwezo, hata hivyo, walitoka nje pamoja na nyumba yao yote. Kitabu cha Isabella Beeton kuhusu uendeshaji wa nyumba, cha mwaka 1861, kinaorodhesha mahitaji ya mandari ya watu 40, yakiwamo kuku wanne wa kuokwa, bata wawili, kambakochi sita, vikombe vya chai na vizibuo vitatu vya chupa, huku kikishauri kwamba maji hayana haja ya kubebwa, kwa kuwa kwa kawaida hupatikana hukohuko. Hakihitaji kusema kwamba mizigo hiyo yote ilibebwa na watumishi, ambao kwao siku ya mandari ilikuwa siku ya kazi nzito kuliko nyingine.

Pwani ya Afrika Mashariki haikulazimika kusafiri hivyo, kwa sababu ujenzi wake ulikwisha kuweka mlango wa nje katikati ya maisha. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, yaani kiti kirefu cha mawe au udongo kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele, na ina ua wa nyuma ambako wanawake hupika, husukana na hula. Chakula kikiwekwa barazani katika sinia, juu ya mkeka, apitaye lazima aambiwe karibu, na aliyeambiwa karibu lazima angalau ashukuru. Katika vijiji vya Unguja na Pemba desturi hii huonekana wazi zaidi mwezi wa Ramadhani, kwani jua linapozama wanaume huketi pamoja nje, kila nyumba ikitoa sinia lake la muhogo wa nazi, ndizi, mbaazi au tambi, na msafiri aliyekutwa na magharibi njiani hufuturu nao bila kuulizwa jina.

Mjini Zanzibar desturi hiyo imepata soko lake katika bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, mahali palipopata jina kutokana na forodha, yaani ofisi ya ushuru wa bidhaa zinazopita bandarini. Bustani hiyo iliitwa ya Jubilei mwaka 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, na baada ya matengenezo makubwa ilifunguliwa tena mwaka 2009. Jioni wachomaji hupanga mishkaki, pweza na muhogo, miwa hukamuliwa kwa ndimu na tangawizi, na urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, humiminwa juu ya viazi, bajia na kachori. Urojo hupikwa majumbani pia, lakini wengi watasema kwamba ladha yake kamili hupatikana bakuli likiwa mkononi na mlaji akiwa amesimama.

Madai hayo si njozi tupu. Sehemu kubwa ya kile kiitwacho ladha ni harufu, na moto wa wazi huizalisha kwa njia mbili: mafuta yanayodondokea makaa hugeuka moshi unaorudi kuiganda nyama, na joto kali huunganisha sukari na viambajengo vya protini katika badiliko lililoelezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ambalo ndilo hutoa rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa. Kinachobaki ni njaa. Katika vibanda vya nyama choma, Nairobi kama Dodoma, mteja huchagua paja, hulipimisha, kisha husubiri muda mrefu akinusa, na mazungumzo yanayofanyika katika kungoja huko ndiyo wengi waliyoyafuata. Nyama ikiiva hukatwakatwa juu ya ubao mmoja, pembeni chumvi na kachumbari, na kila mkono hujichotea. Hesabu inapoletwa, mara nyingi wanachangishana, jambo ambalo Mfaransa wa karne ya 17 angelitambua mara moja, ingawa huenda angeuliza meza na uma viko wapi.