Tumbawe Nalo Hula Nyama

Taa za akwariamu ya matumbawe zikishazimwa, mambo hubadilika. Minyiri iliyojikunyata mchana kutwa hutokeza na kutanuka. Wakati huohuo, kwenye mianya ya mawe ya tangi, viumbe wa jamii ya kamba wenye urefu wa milimita chache tu hutoka kutafuta riziki. Hao ni kopepodi na amfipodi, na si wote wanaorudi. Mmoja akigusa mnyiri hutapatapa kidogo, kisha hutulia. Mnyiri nao huanza kupinda taratibu kuelekea mdomoni.

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, waliojijengea kiunzi cha chokaa. Kila polipu ana tumbo, mdomo mmoja na duara la minyiri. Ndani ya seli zake huishi vimwani vinavyotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao. Katika maji safi ya kina kifupi, mgawo huo waweza kufikia asilimia 90 ya nguvu anayohitaji, hata zaidi. Sasa mnyama anayelishwa hivyo na jua ana haja gani ya minyiri yenye sumu?

Haja ipo, kwa sababu sukari ya vimwani ni ugali bila kitoweo. Inatia nguvu, lakini ina upungufu wa nitrojeni na fosforasi, na bila hizo hakuna protini wala seli mpya. Maji ya bahari ya tropiki yana kiasi kidogo mno cha virutubisho hivyo. Mwili wa kopepodi umejaa vyote viwili.

Sayansi yenyewe iliyumba kabla ya kulikubali jambo hili. Mwaka 1928 msafara wa watafiti ulioongozwa na Mwingereza C. M. Yonge ulipiga kambi Low Isles, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, ukabaki huko hadi 1929. Yonge aliona matumbawe yakipokea chakula cha nyama na kukataa cha mimea. Yaliyofungiwa gizani yalipoteza vimwani vyao, lakini yakaendelea kuishi kwa kula planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini. Akahitimisha kwamba tumbawe ni mla nyama halisi, na kwamba vimwani havililishi. Nusu ya pili ya hitimisho hilo ilianguka baadaye. Mwaka 1958 Leonard Muscatine na Cadet Hand walitumia kaboni yenye mnunurisho kuonyesha kwamba chakula kinachotengenezwa na vimwani huhamia kwenye mwili wa anemoni, ndugu wa tumbawe. Kwa muda jua likapewa sifa karibu zote, na uwindaji ukasukumwa pembeni.

Silaha ya mwindaji huyu ni kifuko kidogo sana ndani ya seli ya ngozi, chenye uzi uliosokotwa. Shinikizo ndani yake hukaribia mara 150 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya kamera ya kasi kubwa kutoka kwa haidra, jamaa wa matumbawe anayeishi katika maji baridi. Uzi wake ulifyatuka kwa nanosekunde 700, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nyuzi za aina moja hutoboa na kuingiza sumu; za aina nyingine hunata au hujiviringisha kwenye vinyweleo vya windo. Kisha kemia huchukua nafasi yake. Amino asidi zinazovuja kwenye jeraha humwarifu polipu kwamba chakula kimefika, na kwa baadhi ya matumbawe mojawapo tu ya asidi hizo, prolini, yatosha kuufungua mdomo.

Kopepodi naye si mzembe. Akihisi maji yametikisika hujirusha ndani ya milisekunde chache, tena kwa kasi inayoweza kufikia mara 500 ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Ndiyo maana katika miamba ya Karibi matumbawe yamekutwa yakinasa kopepodi wachache kuliko wingi wao majini ungetufanya tutarajie, huku viumbe wakubwa na wazito wakinaswa kwa urahisi zaidi. Tumbawe halikimbizi mtu: husubiri mkondo ulete. Mkondo ukiwa dhaifu, hauleti kitu; ukiwa mkali, hukunja minyiri na kupokonya windo.

Tangi la nyumbani linaonyesha mambo haya kwa karibu, pamoja na upungufu wake. Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeeleza njia yake kwa wafugaji wa samaki mwaka 1961, aliweka tangini mawe yaliyotolewa baharini pamoja na uhai wake wote, akayaacha mapovu ya hewa yazungushe maji. Mawe kama hayo ndiyo yanayoingiza kopepodi na amfipodi. Lakini tangi haliwezi kuzalisha planktoni kama bahari, na samaki humaliza nyingi kabla matumbawe hayajaonja. Hivyo mfugaji hulazimika kushika kazi ya bahari. Huangua mayai ya artemia, viumbe wadogo wa jamii ya kamba, katika maji ya chumvi yenye joto kwa takriban saa 24, huzima pampu, kisha huwadondosha watoto hao karibu na minyiri. Artemia huogelea polepole, kwa hiyo ni windo rahisi. Ila lishe yao hupungua upesi kiini kikiisha mwilini, na wafugaji wengi huwalisha mwani kwanza. Mkono ukizidi, mabaki huoza, naitreti na fosfati hupanda, na mwani hutapakaa kwenye kioo.

Kwa tumbawe la jua, Tubastraea, kulisha si hiari. Halina vimwani kabisa, na baharini hukaa mapangoni na chini ya miamba. Katika tangi lenye taa bora kuliko zote litakufa njaa lisipopewa nyama.

Wala si kila mwenye magamba ni windo. Kaa wadogo wa jenasi ya Trapezia huishi katikati ya matawi ya matumbawe, hula ute wake, na humfukuza kiti cha pwani mwenye miba mingi anayekuja kuyatafuna. Kopepodi mmoja, Tegastes acroporanus, hukaa juu ya ngozi ya tumbawe la Acropora na kulidhoofisha. Kamba msafishaji wa tangini, kwa upande wake, huchomoa chakula ambacho polipu amekwisha kukitia mdomoni.

Uzito wa mambo haya unavuka kioo. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe hupoteza vimwani na kupauka, kama ilivyotokea pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998. Ugali unapokatika hivyo, kitoweo ndicho kinachobaki. Huko Hawaii, Andréa Grottoli na wenzake walipausha vipande vya matumbawe kwa maji ya joto matangini, wakapima ulaji wao baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: Montipora capitata iliongeza uwindaji hadi kukidhi zaidi ya asilimia 100 ya mahitaji yake ya nguvu ya kila siku, ilhali aina mbili za Porites hazikuongeza. Kwa hiyo anayetaka kubashiri ni tumbawe gani litavuka msimu wa joto asitazame kipimajoto peke yake. Aangalie pia kama tumbawe hilo linajua kuwinda, na kama maji yanayolizunguka yana cha kuwindwa.