Mwendo wa Mama: Kutoka Mombasa hadi Moyale kwa Barabara

Dada yetu alipojifungua huko Moyale, mama aliitazama picha ya mjukuu wake katika simu kwa muda wa wiki tatu, kisha akatuita sote ukumbini. “Wanangu,” akasema, “mimi sitaki kumjua mjukuu wangu kwa kioo. Nipelekeni.”

Mama ana umri wa miaka 71, na kwa miaka tisa amekuwa akijidunga insulini asubuhi na jioni. Kutoka Mombasa hadi Moyale ni takriban kilomita 1,250. Kilomita 500 hivi za mwisho, kuanzia Isiolo, hupita katika nchi kame ambamo mji na mji hutenganishwa na masaa ya safari. Kaka yetu mkubwa alipinga, akihofia joto na umbali wa hospitali, wala hatukumlaumu. Mwishowe tuliafikiana kwamba tutakwenda iwapo daktari wa mama ataridhia, na kwamba mwendo utakuwa wa mama, si wa gari.

Vituo kwanza, kilomita baadaye

Daktari aliridhia kwa masharti: apimwe sukari kila kabla ya kuondoka, na chakula chake kisicheleweshwe. Hapo tuliigawa njia kwa siku nne. Siku ya kwanza tulale Nairobi, ya pili Isiolo, ya tatu Marsabit, na ya nne tuingie Moyale. Kila siku tungeondoka baada ya Swala ya Alfajiri na kufika kabla ya Magharibi, kwa sababu ngamia na ng’ombe huvuka lami bila kutazama taa za mtu, na msaada huwa haba usiku.

Kabla ya lami, malori ya Moyale yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, abiria wakiwa juu ya mizigo. Lami iliyokamilika katika miaka ya 2010 imeifanya safari ya siku kuwa ya masaa, lakini haikuleta maji wala kivuli. Basi tulichukua lita 5 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya udhu na ya rejeta, pamoja na magurudumu mawili ya akiba. Tangi tulipanga kulijaza Isiolo na tena Marsabit. Tulichagua Agosti, watoto wakiwa likizoni, ili tuepuke masika na vuli, kwani laga, yaani mito mikavu ya kaskazini, hufurika ghafla. Tulipofika Isiolo tuliuliza polisi na madereva wa malori hali ya njia kabla ya kuendelea.

Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Tuliitia katika kasha la barafu, tukaikinga kwa taulo isigusane na barafu yenyewe, maana ikiganda huharibika.

Ama swala, njia hii ina wepesi wake. Msafiri hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili, na huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Na kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kamili mwa Mombasa na mwa Moyale pia, muda mwingi kibla kilikuwa mbele ya gari letu.

Tende chini ya mizigo

Siku ya tatu, tukiwa tumeupita mto Merille na hatujafika Laisamis, tairi la nyuma lilipasuka. Magurudumu ya akiba yalikuwa chini ya masanduku, nasi tukashusha mizigo yote kando ya barabara. Tulikuwa tumepanga kula Laisamis. Hakuna aliyeitazama saa.

Mjukuu wa miaka minane ndiye aliyesema, “Bibi hanijibu vizuri.” Mama alikuwa akitoka jasho, mikono ikitetemeka, na alimwita kaka kwa jina la marehemu baba. Tulijua mara moja kwamba sukari imeshuka. Tende zilikuwamo, kilo mbili nzima, lakini tuliposhusha mizigo zilifunikwa na hatukujua ziko katika mfuko gani.

Lori la mbuzi lilikuwa linapita, likasimama. Utingo aliruka chini na chupa ya soda yenye joto, akatukabidhi bila kuuliza. Mama aliinywa kidogo kidogo. Baada ya robo saa tulimpima, sukari imepanda, akala mkate na yai. Utingo na dereva wake walikuwa wameshatufungia gurudumu. Walikataa malipo, wakaomba dua tu.

Kaka hakusema, “Niliwaambia.” Aliitafuta mifuko mmoja mmoja hadi akazipata tende, akamwekea mama pajani, na kutoka hapo hadi Marsabit, katika upepo na ukungu wa mlima ule, hakuna aliyezigusa ila yeye.

Siku ya nne tulikata jangwa la Dida Galgalu, lenye mawe meusi ya volkano hadi upeo wa macho, tukaingia Moyale kabla ya Alasiri. Mama alimpokea mjukuu, akamkagua vidole kimoja kimoja, kisha akauliza, “Jamani, saa ngapi tunakula?”

Wenzetu wenye wazee na wagonjwa, hatuwaambii msisafiri. Kuunga kizazi ni ibada, na njia ya kaskazini inapitika. Lakini tulihesabu maji, mafuta na magurudumu, tukasahau kuuliza ni kitu gani mkono lazima ukipate kwa dakika moja. Tuliporudi, tende zilikuwa mlangoni mwa gari, glukosi mfukoni mwa dereva, na chakula cha mama kiliandamana na saa yake, tufike mjini tusifike.

Allah awalipe heri watu wa lori lile, na awahifadhi wasafiri wote. Amin.