Simu iliyo kwenye chaja ndiyo iwe mwenyeji

Laini ya simu ikipotea au bando likiisha, wakazi bado wanaweza kutumiana picha, video na fomu kutoka simu moja hadi nyingine bila intaneti. Njia mojawapo ni Wi-Fi Direct, iliyozinduliwa na muungano wa Wi-Fi Alliance mwaka 2010. Kazi inapokatika katikati, lawama huenda kwa mtandao. Wachache hufikiria betri.

Vifaa vikiungana hivi, lazima kimoja kiwe mwenyeji wa kikundi. Hicho ndicho hutangaza kikundi hewani, hupokea wanaojiunga na kupitisha data. Kabla ya kuungana, kila kifaa hutaja nambari kati ya 0 na 15 kuonyesha kiko tayari kiasi gani kuwa mwenyeji, na chenye nambari kubwa hushika nafasi. Vyote viwili vikishikilia 15, mazungumzo huvunjika, kama wagombea wawili wasiotaka kuachiana kiti.

Nambari hiyo huwekwa na waliotengeneza kifaa au programu. Printa au runinga iliyochomekwa ukutani inaweza kutaja kubwa bila kuumia, lakini simu inayotegemea betri inafaa itaje ndogo. Tofauti ni usingizi. Simu ya mshiriki huzima redio yake kwa vipindi vifupi, na mwenyeji huitunzia data hadi iamke. Mwenyeji naye anaruhusiwa kupumzika kidogo, ila sharti atangaze mapema, kwa hivyo chaji yake huisha haraka zaidi.

Ikiisha, kikundi chote huvunjika. Nafasi ya mwenyeji hairithiwi na simu nyingine. Itabidi kuungana upya, na faili iliyokuwa njiani huenda ikatumwa tena kutoka mwanzo. Hilo ni usumbufu siku ya kawaida; wakati wa mafuriko, stima ikiwa imepotea, ni jambo zito.

Katika programu nyingi mtumiaji hawezi kubadilisha nambari hiyo. Hotispoti ni rahisi zaidi kuamua, kwa sababu anayeiwasha ndiye mwenyeji. Kwa hivyo kikundi kikubaliane kwanza: iwashwe kwenye simu iliyo kwenye chaja, sola au pawabenki, wala si ile yenye kioo kikubwa au ya mwenyekiti. Kazi ikiisha, izimwe, kwani ikiachwa inaendelea kula chaji.