Vitasa vya Milango ya Shule: Kuzuia Mwizi bila Kumfungia Mwanafunzi

Kamati za shule, wamiliki wa shule binafsi na wazazi wanaochangia ujenzi hununua vitasa, makufuli na makomeo mara kwa mara. Bei ya bidhaa hizi ni ndogo ikilinganishwa na ya saruji, mabati na nondo. Kwa sababu hiyo, aghalabu hununuliwa mwishoni, fedha zikiwa zimekaribia kwisha, na uchaguzi wake huachiwa fundi au muuza duka. Sura hii inawaeleza wanunuzi wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa.

Kanuni moja ya kukumbuka

Kitasa cha shule kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kumzuia asiyehusika aliye nje. Ya pili ni kumruhusu aliye ndani kutoka wakati wowote. Wanunuzi wengi huiangalia kazi ya kwanza pekee, kisha hudhani kwamba kadiri mlango unavyokuwa mgumu kufunguka ndivyo shule inavyokuwa salama. Dhana hiyo si sahihi. Mlango wa chumba chenye watu unatakiwa kuwa mgumu kwa aliye nje na mwepesi kwa aliye ndani.

Kwa maneno ya vitendo: mtu aliye ndani aweze kufungua mlango kwa mkono mmoja, kwa tendo moja, bila ufunguo, bila taa na bila kuelekezwa. Kitasa kisichotimiza masharti hayo hakifai kwa darasa wala bweni, hata kikiwa imara namna gani.

Kwa nini jambo hili linahusu uhai

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos nchini Kenya, na wanafunzi 67 walipoteza maisha. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Nchini Tanzania, moto wa bweni la Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40 mwaka 1994. Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika bweni la Idodi, mkoani Iringa. Septemba 2020 wanafunzi 10 walifariki katika moto wa bweni wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Mazingira ya mioto hiyo yalitofautiana. Hata hivyo, kila moto wa bweni unapotokea usiku, suala la kwanza huwa ni lile lile: waliolala ndani wanatokaje?

Suala hilo lina uzito wa pekee mwambaoni. Katika vijiji kama Kagunga na Mwamgongo upande wa kaskazini, au Sigunga na Kalya upande wa kusini, ambako wakazi hutegemea sana boti, gari la zimamoto haliwezi kutarajiwa kufika ndani ya dakika chache. Moshi huua watu wengi kuliko miali ya moto yenyewe, nao hujaza chumba kwa muda mfupi. Kwa shule ya namna hiyo, mlango unaofunguka ndio msaada wa kwanza, na huenda ukawa msaada pekee.

Sheria inasemaje

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo kwa ajili ya usalama wa moto, na kanuni zake za mwaka 2008 zinahusu ukaguzi na vyeti vya usalama. Wathibiti ubora wa shule nao hukagua mazingira ya kujifunzia na ya kulala. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mwanafunzi mwenye ulemavu ya kuyafikia na kuyatumia majengo. Kwa hiyo, kitasa kisichoweza kushikwa na mtoto mwenye udhaifu wa mikono, au kilichofungwa juu asikokufikia aliye kwenye kiti cha magurudumu, kina kasoro hata kama kingali kipya.

Ni busara kamati iombe ushauri wa ofisi ya Zimamoto ya mkoa au wilaya kabla ya kununua. Ushauri unaotolewa mapema huokoa gharama ya kung'oa vitasa baada ya ukaguzi.

Kila mlango na kitasa chake

*Darasa.* Kinachofaa ni kitasa cha mkono wa kushusha, kinachofungwa kwa ufunguo kutoka nje, na ambacho mkono wake wa ndani hufungua hata kama kimefungwa kwa ufunguo. Mkono wa kushusha ni bora kuliko kitasa cha duara, kwa kuwa mtoto mdogo au mwenye ulemavu anaweza kuushusha hata kwa kiwiko. Shule inayotumia kufuli nje ya darasa ihakikishe kwamba muda wote wa masomo kufuli hilo limeondolewa na kuhifadhiwa ofisini. Kufuli linaloachwa likining'inia mlangoni linaweza kubanwa na yeyote apitaye.

*Bweni.* Bweni lisifungwe kamwe kwa kufuli la nje wanafunzi wakiwa ndani. Tunafahamu kwamba matroni na walezi hufanya hivyo kwa nia njema, hasa katika mabweni ya wasichana, ili kuzuia wavamizi na kuwazuia wanafunzi wasitoroke. Hofu hizo ni za kweli, lakini ziko njia za kuzikabili zisizohatarisha uhai. Mvamizi huzuiwa na kitasa imara chenye ufunguo nje na kizungusho cha mkono ndani. Anayetaka kutoroka hugunduliwa na kengele inayolia mlango ufunguliwapo, na mlezi anayelala karibu. Bweni liwe na milango miwili iliyo mbali na mwenzake, ifungukayo kuelekea nje, na yote miwili iwe na kitasa cha aina hiyo. Mlango wa pili uliozibwa kwa vitanda au masanduku ni sawa na ukuta.

*Ukumbi na bwalo.* Palipo na watu wengi, kifaa bora ni upau wa chuma uliowekwa kwa mlalo upande wa ndani wa mlango. Ukisukumwa hata kwa uzito wa mwili, mlango hufunguka. Kifaa hiki ni ghali zaidi, lakini katika msukumano wa watu hakuna anayepata nafasi ya kutafuta mkono wa kitasa.

*Stoo, ofisi na maabara.* Kompyuta, mitihani, chakula na kemikali huhifadhiwa hapa. Stoo isiyokaliwa na watu inaweza kufungwa kwa kufuli zito. Ofisi na maabara hukaliwa na watu mchana, hivyo zifuate kanuni ya darasa.

*Madirisha.* Nondo za dirisha ni sehemu ya kufuli la shule, ingawa wengi hawazihesabu hivyo. Bwenini, angalau baadhi ya madirisha yawe na nondo zilizotengenezwa kama mlango mdogo wenye bawaba, unaofunguliwa kwa komeo la ndani lisilohitaji ufunguo.

Kusoma maandishi ya kwenye kasha

Vitasa vingi madukani huletwa kutoka nje ya nchi, na baadhi huandikwa namba za viwango vya Uingereza au Ulaya. Namba chache zinatosha kumsaidia mnunuzi.

BS 3621 ni kiwango cha kitasa cha kuzuia wezi ambacho kikishafungwa huhitaji ufunguo pande zote mbili, nje na ndani. Ni kitasa kizuri, lakini hakifai kwa mlango wa kutokea wa bweni au darasa. BS 8621 ni kiwango chenye lengo hilo hilo la kuzuia wezi, ila aliye ndani hufungua bila ufunguo. Vitasa hivi viwili vinaweza kufanana kwa sura, na tofauti yake ni kubwa mno.

EN 1125 huhusu upau wa kusukuma uliotajwa hapo juu. EN 179 huhusu vifaa vya kutokea kwa dharura vya mkono wa kushusha au kibao cha kusukuma, kwa majengo ambayo wakazi wake wanaifahamu milango. EN 12320 huhusu makufuli, na huyapanga kwa daraja la 1 hadi la 6, la 6 likiwa na usalama wa juu zaidi.

Namba iliyochapwa kwenye kasha haithibitishi kitu peke yake, kwa kuwa kasha huweza kughushiwa. Angalia kama namba hiyo imegongwa pia kwenye chuma cha kitasa, kama jina la mtengenezaji limeandikwa sawa kila mahali, na kama funguo zilizomo zinaingia na kuzunguka bila kukwama. Ukiwa na shaka, uliza Shirika la Viwango Tanzania kabla ya kununua kwa wingi.

Unyevu wa ziwa na msimu wa mvua

Maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, lakini hewa ya mwambaoni ni yenye unyevu, na mvua za Kigoma hunyesha kwa miezi mingi mfululizo. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa huanza kutu mahali rangi ilipochubuka. Chagua silinda ya shaba nyeupe au ya njano, na chuma kisichoshika kutu kwa mikono na skrubu.

Mlango wa mbao nao huvimba wakati wa mvua. Kitasa kilichokaa vizuri mwezi Agosti kinaweza kukwama mwezi Januari, kwa kuwa ulimi wake, yaani kile chuma kinachotoka na kuingia kwenye fremu, haulengi tena tundu lake. Tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mninga, ipake rangi pande zote pamoja na kingo za juu na chini, na uache nafasi kidogo kati ya mlango na fremu. Usitie mafuta ya kula ndani ya silinda, kwani hunasa vumbi. Unga wa risasi ya penseli hulainisha bila kunasa uchafu.

Vitasa vya umeme havishauriwi kwa shule nyingi. Shule itakayovitumia ihakikishe kwamba umeme ukikatika mlango hubaki ukifunguka kutoka ndani.

Uimara uko pia kwenye fremu

Mwizi mara chache huhangaika na kitasa chenyewe. Hupiga teke mlango hadi fremu ipasuke, au hung'oa skrubu za kile kipande cha chuma kinachoshikwa na kufuli. Ulimi wa kitasa uingie kwenye fremu kwa milimita 20 au zaidi. Kibati cha fremu kifungwe kwa skrubu ndefu zinazofika ukutani, badala ya zile fupi zinazokuja ndani ya kasha. Kwa milango ya chuma, mwagizeni fundi wa kuchomelea aweke nafasi ya kitasa tangu mwanzo. Akiachwa aamue mwenyewe, huenda akaweka komeo la nje na masikio ya kufuli pekee.

Funguo ziwe na daftari. Iandikwe nani anao ufunguo upi, na seti ya akiba ihifadhiwe nje ya jengo husika.

Kabla ya kulipa na baada ya kufunga

Nunua kitasa kimoja kwanza, kifungwe, kijaribiwe, ndipo ununue vilivyobaki. Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, na uandikishe muda wa dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji shughuli anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka kitasa cha bweni kinachofunguka ndani bila ufunguo, na ikiwezekana maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikupotosha kuhusu ubora au asili ya bidhaa, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Hifadhi kasha, risiti na kitasa chenyewe kama ushahidi.

Kazi ikishakamilika, kamati isipokee mlango kwa kuutazama tu. Fungeni mlango kwa ufunguo kutoka nje, mlezi akiwa amesimama pembeni na ufunguo mkononi. Mwanafunzi mdogo kuliko wote wa chumba hicho awe ndani, afumbe macho, kisha atoke. Rudieni kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, kama yupo, na kwa kila mlango wa bweni. Asipoweza kutoka mwenyewe, kitasa hicho kibadilishwe kabla ya usiku wa kwanza wa kulala humo. Jaribio hili lirudiwe kila mwanzo wa muhula na mara moja katikati ya msimu wa mvua.

Moto ukitokea, toeni watu kwanza, kisha pigeni simu ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji, namba 114.